Kwa Bi Elle, Mkwe Mwenzangu

Utepe wako umefika, Bi Elle.
Umelala siku tisa posta ya Wete
kabla Hamadi hajaniletea kwa baskeli,
bahasha imechanika pembeni,
na wenyewe umejikunja ndani
kama nyoka mwekundu aliyeshiba.

Nimeupima: shubiri kumi na moja, vidole viwili.
Nikaulaza juu ya ukili wangu
wa ukindu niliouchovya rangi juzi
(sufuria mpaka leo haijatakata),
na wallahi, njia ni ile ile:
pita chini ya mbili, ruka moja, rudi.
Nani alikufundisha?
Mie alinifundisha bibi yangu Mwanahawa,
kila nikikosea, kofi la vidole.

Shaame anasema mnafuga mnyama
mwenye pembe kama mkarafuu uliopukutika,
na kila ukoo una alama yake
unayoikata sikioni.
Nikataka kuuliza, wewe unao wangapi?
Akanidaka: "Mama, huku hawaulizi hilo!"
Nilicheka hadi ukili ukanidondoka.
Kwani hapa Maziwang'ombe nani anauliza?
Mtu akikuhesabia ng'ombe
kesho yake mmoja haamki.
Hata watoto, ukiulizwa, unasema "wapowapo".
Hilo tumeelewana bila mkalimani.

La jua ndilo lililoninyima usingizi.
Ati miezi miwili halichomozi?
Nikamuuliza mwanangu, Magharibi unaijuaje
nawe hukuiona Adhuhuri?
Akasema anafuata saa za mji mwingine.
Nikamwambia, fuata za huku.
Jua la Maziwang'ombe halijawahi kuchelewa,
na mimi nipo, nitakupigia simu likizama.
Tangu hapo nampigia.
Mara nyingine hapokei. Najua kapata habari.

Sasa lile la Ijumaa.

Nilikuwa nachambua karafuu, vikonyo huku, punje huku,
Time akaniwekea sauti yako kwenye simu.
Maneno hamna.
Sauti inapanda, inajikwaa, inashuka,
inarudia pale pale ilipojikwaa.
Shaame alikwishanieleza: "Mama, hawamwimbi mtu kwa sifa.
Ule wimbo ndio mtu mwenyewe."
Nikasema haya, mambo ya baridi hayo.

Nikasikiliza tena.
Hatua mbili ndefu, moja fupi.
Mbili ndefu, moja fupi.

Bi Elle, yule ni mguu wake wa kushoto.
Alikuwa na miaka tisa, tawi likamvunjikia,
akashuka na pakacha lake la karafuu mkononi
bila kumwaga hata punje.
Tangu siku ile anauficha ule mguu.
Anavaa kiatu kimoja kizito, anatembea taratibu mbele za watu,
mkewe mwenyewe huenda hajui.
Wewe nani alikwambia?
Hakuna. Umekaa dirishani kwako
ukamtazama akienda kuleta kuni kwenye theluji.

Nakwambia kweli, niliona wivu.
Nilizima simu.
Karafuu zilikesha bila kuchambuliwa
na Time akanuna, maana asubuhi ilikuwa ya kuanika.
Mwanangu ana mama wawili wanaojua anavyotembea,
na mmoja yuko karibu.
Siku ya pili wivu ukapoa kidogo.
Siku ya tatu nikasema, Alhamdulillahi, kuna anayemtazama.

Basi nakuletea mkeka.
Kuimba siwezi, sauti yangu ya kuitia kuku.
Lakini tafuta ukili wa tano kutoka ukingoni,
ule wa zambarau, uufuate kwa kidole:
mbili ndefu, moja fupi.
Wanawake wa hapa wameona, wakasema
Mize binti Faki kazeeka, macho yamemtoka.
Nikawaacha waseme.

Huko kwenu hewa kavu, ukindu utakatika.
Ukiuona unalia ukikanyagwa,
unyunyizie maji ya vuguvugu, uukunje, uuache mpaka asubuhi.
Na usimwambie Shaame kuhusu ukili wa tano.
Mwache aukalie.